Kichupa cha damu: kwa nini jibu sahihi huanza kabla sampuli haijafika maabara

Januari 20, 2025 simu za wasikilizaji zilituzidi studio. Siku hiyo, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba vipimo vya maabara vimethibitisha mgonjwa mmoja wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Siku chache kabla ya hapo, Wizara ya Afya ilikuwa imesema sampuli zilizopimwa mpaka wakati ule hazikuwa na virusi hivyo.

Wengi waliotupigia walitaka kujua jambo moja: ilikuwaje kwanza tuambiwe ugonjwa haupo, kisha tuambiwe upo? Waamini kipimo kipi?

Ni swali la haki, na kwetu Singida si la watu wa mbali. Barabara kuu inayobeba malori kutoka Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi inapita Manyoni, inaingia Singida mjini, inapanda na kushuka Sekenke, inapita Shelui, kisha inaelekea Igunga, Nzega, Kahama na Nyakanazi. Nyakanazi iko wilaya hiyo hiyo ya Biharamulo. Dereva aliyekula chakula Nyakanazi usiku, kesho yake anaweza kuwa anakunywa chai Misigiri.

Mlipuko ule ulitangazwa kumalizika Machi 13, 2025. Watu 10 walihesabiwa. Wawili walithibitishwa na maabara. Wanane walifariki kabla mlipuko haujathibitishwa, wakaorodheshwa kama watu ambao huenda walikuwa na ugonjwa huo. Wote 10 walipoteza maisha. Kwa wale wanane, hakuna kichupa cha damu kilichowahi kutoa jibu.

Mlipuko umekwisha, lakini swali la wasikilizaji bado lipo, na linagusa kila mtu anayekwenda zahanati kupima malaria, wingi wa damu, kisukari, kaswende au VVU. Jibu tunaloletewa kwenye karatasi linategemea nini? Katika makala hii tunaeleza sehemu ambayo haizungumzwi sana: zile dakika tano ambazo mkono wako uko mezani na mtu ameshika sindano.

Jibu la mtu yule, damu ile, siku ile

Tuanze na lile la Marburg, kwa sababu linafundisha jambo kubwa. Kipimo cha maabara hakiulizi kama ugonjwa upo nchini. Kinauliza kama kitu fulani kimo ndani ya sampuli fulani, iliyotolewa kwa mtu fulani, siku fulani. Watu kadhaa wakipimwa na wote wakakutwa hawana, hilo ni jibu la watu hao tu. Mtu mwingine akipimwa baadaye akakutwa nao, jibu lake haliwageuzi wa kwanza kuwa waongo.

Kuna na suala la muda. Kwa magonjwa kama Marburg na Ebola, virusi vinaweza kuwa vichache mno kwenye damu katika siku tatu za mwanzo tangu dalili zianze. Ndiyo maana utaratibu unataka mtu aliyepimwa mapema na kukutwa hana, huku dalili zikiendelea, apimwe tena baada ya saa 72. VVU navyo vina kipindi chake: mtu aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kupimwa leo kwa kipimo cha kawaida na kisionyeshe kitu. Kwa hiyo mhudumu akikuambia urudi baada ya muda fulani kupima tena, mara nyingi hajakosea wala hakuzungushi. Anafuata ugonjwa unavyokwenda.

Lakini kuna sababu nyingine ya majibu kupishana, ambayo haihusu ugonjwa wala mashine. Inahusu mikono. Tafiti za maabara katika nchi nyingi, kwa zaidi ya miaka 20, zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya makosa ya vipimo hutokea kabla sampuli haijaingia kwenye mashine: mgonjwa kutambuliwa vibaya, damu kuchukuliwa vibaya, kichupa kisicho sahihi, jina kuandikwa vibaya, sampuli kukaa sana njiani. Mashine ya mamilioni ya shilingi haiwezi kurekebisha damu iliyoharibika. Itapima tu kile ilichopewa.

Unachopaswa kukiona damu ikichukuliwa

Kwenye zahanati nyingi za vijijini anayechukua damu anaweza kuwa mtaalamu wa maabara, muuguzi au tabibu, kutegemea nani yupo. Yeyote awaye, hatua ni zilezile, na nyingi unaweza kuziona kwa macho yako.

Kwanza ni jina. Mhudumu mzuri hasemi, “Wewe ndiye Asha Juma?” Anauliza, “Jina lako kamili nani? Una umri gani? Unatoka kijiji gani?” kisha analinganisha na fomu. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika foleni moja ya kliniki wanaweza kuwemo akina Asha Juma watatu. Isitoshe, tunao wazee wetu ambao Kinyaturu au Kinyiramba ndiyo lugha yao ya nyumbani. Bibi akiitwa jina asilolisikia vizuri, kwa heshima ataitikia “ndiyo” na kunyoosha mkono. Damu itakuwa yake, na jina litakuwa la mwenzake. Ukimsindikiza mzee, kaa naye mpaka jina lake lisomwe.

Pili ni mikono ya mhudumu. Anaisafisha, kisha anavaa glovu mpya kwa ajili yako. Glovu zilizotumika kwa mtu aliyekutangulia hazikukingi wewe. Zinamkinga yeye peke yake.

Tatu ni sindano. Inatolewa kwenye pakiti yake iliyofungwa, mbele yako. Ukikuta imeshafunguliwa, una haki ya kuomba nyingine, kwa adabu tu: “Samahani daktari, naomba unifungulie mpya nione.” Hakuna mhudumu aliyefundishwa vizuri atakayekasirika.

Nne ni kukaa. Kaa kwenye kiti au lala. Usitolewe damu ukiwa umesimama, maana baadhi ya watu, hata vijana wenye nguvu za kulima heka mbili, huanguka wakiona damu. Kama uliwahi kuzimia, sema mapema.

Tano ni ule mpira wa kufungia mkono. Unafungwa upana wa vidole vinne au vitano juu ya mahali pa kuchoma, na haupaswi kukaa zaidi ya dakika moja hivi. Ukikaa sana, damu hutuama na baadhi ya vipimo hubadilika. Mhudumu akifunga mpira kisha akaenda kutafuta kichupa chumba cha pili, mwambie aufungue kwanza.

Sita ni spiriti. Ngozi inapakwa spiriti, kisha inaachwa ikauke yenyewe kwa kama nusu dakika. Ikikauka ndipo inaua vijidudu, na pia haikuwashi sindano inapoingia. Hapa tumeona kosa la kawaida sana: kupuliza kwa mdomo ili ikauke haraka, au kupapasa tena mshipa kwa kidole baada ya kusafisha. Kote kuwili ni kurudisha uchafu.

Saba, mpira unafunguliwa kabla sindano haijatolewa, kisha pamba kavu inakandamizwa. Sasa ni kazi yako. Kandamiza kwa dakika mbili mpaka tano ukiwa umenyoosha mkono. Wengi wetu tumezoea kukunja kiwiko na kubana pamba hapo. Kukunja ndiko kunakoleta lile vilio la damu jeusi linalokaa wiki nzima.

Nane ni hatua ambayo tunaomba uikumbuke hata ukisahau nyingine zote. Jina lako linaandikwa kwenye kichupa mbele yako, kabla hujainuka, pamoja na namba, tarehe na saa. Lisiandikwe kabla ya kutoa damu, wala lisiachwe mpaka mwisho wa foleni. Vichupa vitano visivyo na majina, vimepangwa mezani, ni watu watano ambao majibu yao yanaweza kupishana.

Na madhara yake si ya kwenye karatasi tu. Fikiria mama aliyejifungua na anapoteza damu nyingi. Anahitaji kuongezewa damu haraka. Sampuli yake inapelekwa maabara kulinganishwa kundi. Kama kichupa kile kina jina lake lakini damu ya mtu mwingine, atawekewa damu isiyo ya kundi lake, na mwili utaikataa kwa namna inayoweza kumuua ndani ya saa chache. Kosa la kalamu linaweza kuua mzazi ambaye kila mtu alikuwa anajitahidi kumwokoa.

Kwa nini vichupa vina rangi

Huenda umeona vifuniko vya rangi tofauti. Kila rangi inaeleza kilichomo ndani.

Kifuniko cha zambarau kina dawa inayozuia damu isigande. Hicho hutumika kwa wingi wa damu, kundi la damu, na pia kwa sampuli za magonjwa kama Marburg. Chekundu hutumika pale damu inapotakiwa kuganda ili ipatikane ile sehemu ya majimaji ya juu, kwa vipimo kama vya ini na figo. Cha kijivu ni cha sukari.

Ukitolewa vichupa kadhaa kwa mchomo mmoja, kuna mpangilio: chekundu hutangulia zambarau, na kijivu huja mwishoni. Tone la dawa ya kichupa cha zambarau likiingia kwenye chekundu, madini ya potasiamu yataonekana yamepanda na kalsiamu itaonekana imeshuka, wakati mgonjwa hana tatizo hilo kabisa. Daktari anaweza kuanza kutibu moyo au figo za mtu mzima wa afya.

Kichupa chenye dawa hugeuzwa juu chini taratibu mara chache ili damu ichanganyike. Hakitikiswi kama chupa ya dawa ya kikohozi. Kikitikiswa, au damu ikisukumwa kwa nguvu kutoka kwenye bomba la sindano, chembe zake hupasuka na sampuli haifai tena. Kisipogeuzwa kabisa, damu inaganda. Hapo ndipo unapoambiwa, “Damu yako imeganda, njoo kesho utoe nyingine.” Ukiambiwa hivyo, ujue hilo si tatizo la mwili wako wala dalili ya ugonjwa. Ni tatizo la namna damu ilivyochukuliwa.

Mgonjwa mwenye dripu naye asitolewe damu mkono ule ule wenye dripu, kwa sababu kinachopimwa kitakuwa damu iliyochanganyika na maji ya dripu. Na kama umeambiwa uje kupima sukari bila kula, ni saa zisizopungua nane bila chakula, uji na chai ya maziwa vikiwemo. Maji ya kunywa ruksa. Ukiwa umekula, sema ukweli. Hakuna atakayekugombeza, na jibu litasomwa ipasavyo.

Damu inayosafiri

Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 2 kwa sensa ya 2022, na vijiji vyake viko mbalimbali. Kata kama Mgandu na Mwamagembe, Halmashauri ya Itigi, ziko safari ndefu kutoka hospitali kubwa. Kwa hiyo vipimo visivyofanyika zahanati, sampuli husafiri badala ya mgonjwa. Ni jambo jema, linamwokolea mkulima nauli na siku ya palizi. Lakini damu ni kitu hai.

Mfano ni sukari. Damu ikikaa kwenye kichupa cha kawaida bila kutenganishwa, chembe zake zinaendelea kula sukari iliyomo, na inaweza kupungua kwa asilimia 5 mpaka 7 kila saa. Kichupa kilichotoka kijijini saa 2 asubuhi kikapimwa saa 8 mchana kinaweza kuonyesha sukari ya kawaida kwa mtu mwenye kisukari. Ndiyo kazi ya kile kichupa cha kijivu, kina dawa inayozuia hilo. Ndiyo sababu pia kipimo cha kidole, kinachotoa jibu hapo hapo, kina thamani kubwa kijijini.

Sampuli inayosafiri inatakiwa kufungwa tabaka tatu: kichupa chenyewe, chombo cha pili kisichovuja chenye kitu cha kunyonya endapo kichupa kitapasuka, na boksi gumu la nje. Fomu hukaa nje ya chombo cha pili ili isilowe. Kama unaendesha bodaboda na umeombwa kupeleka sampuli, usikubali mfuko wa rambo uliofungwa kwenye usukani. Omba boksi. Ni kwa usalama wako, wa abiria wako na wa yule anayesubiri majibu.

Mtoto mchanga na tone la kisiginoni

Kina mama wengi wametuuliza kwa nini mtoto wa wiki sita anachomwa kisiginoni na si mkononi. Mtoto wa kilo 3 ana damu ya kama mililita 250 mwilini mwake mwote. Haijazi chupa ya soda. Kwa hiyo huchukuliwa matone machache pembeni mwa kisigino, si katikati ambako mfupa uko karibu.

Kwa mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, matone hayo hudondoshewa kwenye kadi maalumu yenye miduara, yakaachwa yakauke kwa saa kadhaa mahali pasipo na jua, kisha kadi hutumwa maabara. Kipimo cha kawaida cha kidole hakitoshi kwa mtoto huyo, kwa sababu mpaka miezi 18 anaweza bado kuwa na kinga alizopewa na mama yake, zikaonekana kama maambukizi. Kadi ile inatafuta virusi vyenyewe. Mama aliyekosa kurudi kuchukua majibu kwa sababu ya mavuno ya alizeti anaweza kuwa amechelewesha dawa za mtoto katika miezi ambayo anazihitaji kuliko wakati wowote.

Je, damu yetu inauzwa?

Hatuwezi kuandika habari za damu bila kugusa hofu hii. Neno mumiani linajulikana Afrika Mashariki yote, na hofu ya watu wanaodaiwa kunyonya damu za wenzao ni ya zamani. Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, ghasia zilizuka kwa tuhuma za mumiani na askari polisi akauawa. Hofu hiyo haikuisha. Leo inarudi kwa sura nyingine: kwamba vichupa vinavyochukuliwa kliniki vinakwenda kuuzwa.

Tusiwacheke wanaouliza. Mtu anayetolewa damu bila kuelezwa ni ya nini, na majibu hayaoni, akilini mwake damu hiyo imekwenda wapi? Dawa ya hofu hii ni hesabu na maelezo.

Hesabu ni hii. Kichupa kimoja kinabeba kama mililita 4 au 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu. Kwa hiyo kichupa ni sehemu moja kati ya elfu, na mwili unairudisha bila wewe kujua. Kipimo cha haraka cha malaria kinatumia tone moja. Anayejitolea kuchangia damu ndiye hutoa mililita 450 hivi, na huyo huulizwa, hupimwa kwanza na hukubali kwa hiari yake. Damu ya kwenye kichupa imeshachanganywa na dawa na ni kidogo mno, haiwezi kuwekwa kwa mgonjwa mwingine.

Maelezo ni wajibu wa mhudumu. Kabla ya kuchomwa, uliza mambo mawili: “Damu hii mnapima nini? Majibu nitayapata lini?” Hospitali au zahanati inayojibu maswali hayo kwa subira inaua mumiani kuliko hotuba yoyote.

Anayechoma naye yuko hatarini

Upande wa pili wa sindano kuna mtu pia. Katika mlipuko wa kwanza wa Marburg nchini, ule wa Bukoba uliotangazwa Machi 21, 2023, waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6, na miongoni mwa waliofariki alikuwemo mhudumu wa afya.

Hata bila Marburg, sindano iliyotoka kwa mgonjwa ikimchoma mhudumu kwa bahati mbaya, uwezekano wa kuambukizwa VVU ni kama mara 3 katika 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, kwa asiyechanjwa, unaweza kufika mara 300 katika 1,000. Ndiyo maana chanjo ya homa ya ini ni muhimu kwa kila anayeshika sindano, na ndiyo maana aliyechomwa anatakiwa kuosha kwa maji na sabuni, kutoa taarifa na kuanza dawa kinga za VVU mapema, kabla ya saa 72 kupita.

Sindano iliyotumika hairudishwi kwenye kifuniko chake. Inatupwa moja kwa moja ndani ya kisanduku cha usalama kilicho karibu na mkono, na kisanduku hufungwa kikifika robo tatu. Ukimwona mtoto wako anachezea bomba la sindano aliloliokota jalalani, usiishie kumchapa. Mwoshe, mkague kama amechomwa, mpeleke zahanati, kisha muulize mwenyekiti wa kijiji lile shimo la taka la zahanati lina uzio au halina.

Nani analipia kichupa?

Sasa turudi Januari 20. Siku ile ile Rais Samia alipotangaza habari za Biharamulo, mjini Washington Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Baadaye ilitolewa ruhusa kwa huduma za kuokoa maisha, zikiwemo dawa za VVU. Lakini tangu mpango wa PEPFAR uanzishwe mwaka 2003, fedha za Marekani hazijanunua dawa tu. Zimesaidia pia maabara, vifaa na watu wanaofanya kazi kwenye huduma za VVU.

Tunapozungumzia misaada kukatika, watu hufikiria vidonge. Kidonge kinaonekana. Kichupa, glovu, kisanduku cha usalama na mafuta ya pikipiki ya kubeba sampuli havionekani, na vikikosekana hakuna anayepiga kelele. Mgonjwa wa VVU ataendelea kupewa dawa, lakini bila kipimo cha wingi wa virusi hakuna atakayejua kama dawa zinafanya kazi.

Wala si tatizo la nchi maskini peke yake. Agosti 2021, huduma ya afya ya Uingereza iliwaagiza madaktari wake wasitishe kwa muda vipimo vya damu visivyo vya dharura, kwa sababu vichupa vilikuwa vimepungua. Nchi yenye hospitali kubwa na mashine za kila aina ilisimamishwa na kitu kidogo kama kidole.

Kwetu, dawa na vifaa tiba huja kupitia Bohari ya Dawa, kanda ya Dodoma. Lakini kuna ngazi iliyo karibu zaidi nawe. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Kila kituo kina kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wananchi. Kamati hiyo ndiyo inayopanga pamoja na mganga mfawidhi fedha zitumike kwa nini.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ujao ukifika, pamoja na swali la dawa, uliza na haya: Vichupa vya damu vipo? Glovu zipo za kumtosha kila mgonjwa? Visanduku vya usalama je? Sampuli zinazopelekwa wilayani huenda siku gani, kwa chombo gani, na majibu hurudi baada ya siku ngapi? Ni maswali madogo ambayo mjumbe wa kamati anapaswa kuweza kuyajibu.

Kwa kumalizia

Wasikilizaji waliotuuliza waamini kipimo kipi, tunawajibu hivi. Aminini kipimo ambacho hatua zake mliziona: jina likaulizwa, sindano ikafunguliwa, kichupa kikaandikwa mkiwa bado mmekaa, na siku ya majibu ikatajwa. Pale mlipokosa kuziona, ulizeni.

Nasi tukiwa na kipaza sauti tunaahidi kuuliza upande wetu. Ukienda kupima wiki hii, hesabu hizo hatua nane, kisha tupigie wakati wa kipindi utuambie ulifika hatua ya ngapi. Usitaje jina la mhudumu. Tutajie tu kilichofanyika vizuri na kilichokosekana, tukifikishe kwa wanaohusika.